Mwamba wa Moto au Mwamba Mgando?

Wahenga walinena kuwa moto huzaa jivu. Wanajiolojia nao hueleza jinsi joto linavyozaa jiwe: miamba ya kilindini huyeyuka ikawa magma, kisha magma hupoa ikawa mwamba tena. Mwamba wa aina hii uitweje kwa Kiswahili? Maandishi yana majina kadhaa, yakiwemo mwamba wa moto, mwamba wa volkeno na mwamba mgando. Makala haya yanatetea hili la mwisho.

Jina la kwanza linafuata Kilatini, ambamo ignis ni moto. Hata hivyo, magma haiwaki. Ni jiwe lililoyeyuka. Isitoshe, Mswahili akisema maji ya moto, hukusudia maji yenye joto wakati huo huo. Mwanafunzi wa Meru akiambiwa kuwa vilima vya Nyambene ni miamba ya moto, ana haki ya kuuliza mbona miraa inastawi juu yake bila kuungua. Huko Mbeere, upande wa chini wa Embu, kuna miamba ya kale ya naisi iliyogeuzwa umbo na joto pamoja na mkandamizo. Hiyo nayo imepitia joto kali, ilhali haikutokana na magma. Jina hilo basi halitenganishi linalopaswa kutenganishwa.

Jina la pili ni finyu. Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika, na zaha yake ilipoa haraka ikawa miamba yenye chembe ndogo, kama vile fonolaiti. Lakini kilele chake cha Batian, chenye mita 5,199, ni sienaiti: magma iliyokwama kooni mwa volkeno, ikapoa polepole ikapata chembe kubwa, hata mmomonyoko ukaifichua. Granaiti nayo huganda kilindini bila kufika kwenye volkeno yoyote.

Mgando hutaja tendo ambalo miamba yote hii inashiriki. Atakayedai kuwa neno hilo ni la maziwa akumbuke kuwa mafuta huganda sufuriani asubuhi ya baridi, na likiambatana na mwamba, maana yake haina utata.

Suala hili si dogo. Shule za sekondari za Kenya hufundisha jiografia kwa Kiingereza, na mtoto wa Runyenjes hulima udongo mwekundu uliotokana na miamba hii asiweze kuueleza kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo ndiye mwalimu na mfasiri wa kesho. Asipolichagua jina kwa hoja, atarithi lolote atakalolikuta.