Mkulima na Mashine Yake: Usiache Mbachao

Trekta ndogo ya bustani si kitu cha kawaida katika mashamba ya Kakamega. Wakulima wengi wa huko hulima kwa jembe au kwa plau ya ng'ombe, na mwenye shamba kubwa hukodi trekta kubwa. Lakini kwa mwenye kishamba cha mahindi na maharagwe, mashine ndogo ya silinda moja yaweza kuwa msaada mwema, hata ikiwa umri wake umepita miaka hamsini. Taabu huanza siku injini inapokataa. Hapo kila jirani huwa fundi, na kila fundi huwa na shauri lake.

Tuseme kwamba mzee mmoja wa Amalemba anayo Cub Cadet ya zamani, trekta ndogo ambayo kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuiuza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na injini yake ni Kohler. Mvua za masika zinakaribia, na mashine haiwaki. Fedha aliyo nayo mzee ni ile aliyomwekea binti yake kuwa karo ya shule. Mwanawe, kijana mwenye bidii, amekwisha kata shauri.

"Baba," asema, "injini hii imekufa. Nimeizungusha kwa mkono, ni nyepesi kama gurudumu la baiskeli. Tununue mpya ya Kichina, tuifunge leo, kesho tulime."

Mzee amwita fundi mwenye mvi. Fundi asikiliza, kisha asema: "Mwanangu, mtu hazikwi kabla ya kuguswa mshipa."

Maneno hayo yana maana kubwa. Injini ya petroli yahitaji mambo matatu ili iwake: mafuta yaliyochanganyika vema na hewa, cheche ya moto kwa wakati wake, na silinda inayoweza kuikandamiza hewa ile. Likikosekana moja, injini hulala. Lakini kulala si kufa.

Kwanza fundi auondoa waya wa plagi, ili injini isije ikawaka ghafula na kumkata vidole. Kisha alizungusha gurudumu la injini kinyumenyume, naye kijana ashangaa kuona kwamba sasa limekuwa zito. Siri yake ni hii: injini nyingi za Kohler za jamii ya K zina kidude kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha, ili mwenye kuvuta kamba asiumie mkono. Kwa hiyo ukiizungusha mbele polepole, huwa nyepesi hata ikiwa nzima. Ukiizungusha kinyume, nguvu yake hudhihirika.

Kama isingekuwa nzito, fundi angemimina kijiko cha oili katika tundu la plagi na kujaribu tena. Uzito ukirudi, ringi za pistoni au ukuta wa silinda umelika. Usiporudi, yaelekea hewa yapenya kwenye valvu, nazo zaweza kusagwa kwa dawa ya kusagia mpaka zikae vizuri. Silinda iliyolika nayo si mwisho wa mambo, kwani injini hizo ni za chuma kigumu na zaweza kuchongwa upya, zikatiwa pistoni pana zaidi kwa elfu 10, 20 au 30 za inchi.

Katika mfano wetu, ugonjwa ni wa cheche. Vidomo vidogo vinavyokata umeme wa plagi vimeota kutu. Fundi avisafisha, aviacha mwanya wa elfu 20 za inchi, yaani nusu milimita, asafisha karbureta iliyojaa uchafu wa petroli ya zamani, na mashine yanguruma. Karo ya binti yabaki sandukuni.

Lakini si kila mgonjwa hupona. Ndani ya injini hizo mna mkono wa alumini unaounganisha pistoni na shafti. Mwenye mashine akisahau kupima oili, mkono huo hukwama, hukatika, na pengine hutoboa ukuta wa injini. Hapo kununua nyingine si ubadhirifu. Hata hivyo, hapana budi kupima kabla ya kulipa.

Jambo la kwanza ni upande wa kuzunguka. Katika Cub Cadet nyingi za zamani, nguvu haipiti kwenye mkanda, bali hutoka upande wa gurudumu la injini na kwenda moja kwa moja kwenye gia. Injini nyingi za leo hutoa nguvu upande wa pili. Fundi mwenye pupa akiigeuza tu ili shafti ielekee nyuma, mzunguko utakuwa kinyume, na trekta iliyokuwa na gia tatu za kwenda mbele na moja ya kurudi itakuwa na tatu za kurudi na moja ya kwenda mbele. Mashine ya namna hiyo italima kama kaa atembeavyo.

La pili ni unene wa shafti. Inchi moja ni milimita 25.4. Puli ya inchi moja ikitiwa katika shafti ya milimita 25, huingia kwa urahisi na fundi hufurahi; lakini ule mwanya mdogo huitikisa puli, nayo hula kile kipande cha chuma kinachoishikilia, mpaka shafti yenyewe iharibike.

La tatu ni mwendo, kwa mashine zinazotumia mkanda. Hesabu yake ni nyepesi. Kama injini ya kale ilizunguka mara 1,800 kwa dakika nayo ilikuwa na puli ya inchi 6, basi mpya izungukayo mara 3,600 yataka puli ya inchi 3. Aiachaye ile ya inchi 6 ataona trekta yake ikienda mbio mara mbili, na gia za kale hazikuumbwa kwa mbio hizo.

Tena kazi ya kujaribu injini na ifanyiwe uwanjani, wala si katika kibanda kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu ambayo imewaua watu wengi. Na mkanda ufunikwe, hasa penye watoto.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakumkataza mtu kununua msala mpya. Walimkataza kuutupa mkeka wake kabla ya kuutazama. Yule kijana wa Amalemba hana kosa kwa kupenda kitu kipya. Lakini afanye vema kumwomba fundi mwenye mvi amfundishe kupima, kwa maana mzee hatakuwapo kila masika, na mashine itazidi kuzeeka.