Si Tairi, Ni Breki. Acheni Kumkata Tanboi Pesa

Wasee, kuna picha iko kwa simu yangu na nimechoka kuitazama peke yangu. Ni ya tairi ya treila. Karibu yote iko na meno yake, mapya, hata zile nywele za mpira bado zipo kando. Halafu kuna sehemu moja, kubwa kama sahani, imekwanguliwa bapa mpaka waya zinaonekana.

Hiyo tairi ilikuwa na mwenzake kwenye gurudumu hilo hilo. Mwenzake ilipasuka, na kwa sababu yake binamu yangu, ambaye ni tanboi, amekatwa 3,000 kwa mshahara kila mwezi kwa miezi minne. Fanya hesabu: ni 12,000. Hapa Ikutha hiyo ni maji na unga wa mamake kwa muda mrefu sana. Sababu aliyopewa ni maneno mawili: "Hukuangalia tairi."

Sasa hebu niwaambie tairi hiyo iliuawa na nani.

Walikuwa wametoka Mombasa, wakashusha mzigo mwingi Kibwezi, wakalala hapo. Alfajiri dere alikuwa na haraka ya kufika Kitui. Akawasha, hewa haijajaa vizuri, akakata kona kuingia barabara ya huku kwetu. Kabla hawajafika daraja la Mto Athi, jamaa wa nduthi akawapita akipiga honi kama mwendawazimu, anaonyesha nyuma. Kusimama, kushuka: moshi, harufu ya mpira, na ukitazama lami walikotoka kuna mistari miwili myeusi imenyooka kama imechorwa na rula. Gurudumu lilikuwa halizunguki. Limeburutwa tu.

Na dere hakuskia kitu. Watu hawaamini hii sehemu, lakini mimi naiamini kabisa. Ile treila ya magurudumu 22 ina 10 kwa kichwa na 12 nyuma. Injini ina nguvu za farasi zaidi ya 400. Kitu kimoja kikijifunga huko nyuma, yeye aliye mbele juu ya kiti cha hewa, redio imewaka, atajuaje? Ona punda wetu wa kubeba maji. Gurudumu la mkokoteni likikwama, punda anasimama hapo hapo na hata umchape haendi, kwa sababu mzigo uko mwilini mwake. Dereva wa lori hana hiyo bahati.

Kwa nini lilijifunga? Gari ndogo ukikanyaga breki unasukuma oili. Lori kubwa linatumia hewa, na kuna kitu wengi hawajui: hewa ndiyo inaachilia ile breki ya kuegesha. Ndani ya kile kikopo cha chuma kando ya ekseli kuna springi nene, na kazi yake ni kutaka kufunga gurudumu saa zote. Hewa ikijaa, springi inarudishwa nyuma na gurudumu linazunguka. Hewa ikipungua, springi inashinda. Ndiyo maana treila ikichomoka kutoka kwa kichwa inajifunga yenyewe badala ya kushuka mteremko na kuua watu. Ni akili ya zamani, bana. George Westinghouse huko Marekani alitumia wazo kama hilo kwa treni miaka ya 1870: presha ikipotea, breki zinashika.

Shida inakuja hewa ikivuja kidogo kidogo. Paipu imepasuka, vali imejaa vumbi (na vumbi hapa hatununui), springi ya kurudisha viatu vya breki imechoka. Hapo breki moja inakataa kuachilia na zingine zote ziko sawa. Treila ikiwa nyepesi, kama ile, gurudumu linafunga kabisa na tairi inakwanguliwa mahali pamoja. Ikiwa nzito, gurudumu linaendelea kuzunguka huku breki imelishika, na hiyo ni mbaya zaidi: joto linatoka kwa dramu, linaingia rimu, linapika tairi kutoka ndani. Hivyo ndivyo unakuta lori linawaka moto Mombasa Road na hakuna aliyeligonga.

Hata wenye pesa yanawapata. Huko Marekani kuna wazee wakistaafu wananunua gari kubwa lililo na kitanda na jikoni, wanatembea nalo nchi nzima, na nyuma wanaburuta gari yao ndogo. Ndani ya ile ndogo wanaweka kifaa cha kuikanyagia breki kivyake, kwa sababu hakuna mtu ndani. Kikisetiwa vibaya, kinaendelea kushika hata wakati hakuna anayesimama. Mzee yuko mbele anakunywa kahawa, nyuma tairi zinaisha. Kosa ni lile lile, ila huko hakuna tanboi wa kukatwa mshahara.

Najua mwenye lori atasema nini. Kuangalia tairi ni kazi ya tanboi. Ni kweli. Na tairi zinapasuka pia kwa kukosa upepo, na hapo tanboi ambaye hakupiga nyundo asubuhi ana lake la kujibu. Siwezi kumtetea. Lakini kukosa upepo hakukwangui tairi mahali pamoja na kuacha meno mazima kwingine kote. Kukwanguka hivyo kunataka gurudumu lisimame huku gari linaenda. Ushahidi ulikuwa kwa ile tairi ya pili, na hakuna mtu ofisini aliyeinama kuitazama.

Kuna na sheria. Mimi chuo niliacha na si wakili, lakini kusoma najua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika kutokana na makosa ya makusudi ya mfanyakazi. Rudi usome neno makusudi. Kijana aliyelala chini ya treila Kibwezi alipanga vali ivuje? Aliyeondoa gari kabla hewa kujaa hata si yeye.

Kinachonitisha zaidi ni dawa ambayo wengine wameamua kutumia. Nimeona kwa macho yangu fundi akikunja paipu ya hewa ya gurudumu moja na kuifunga kwa waya, ati "isisumbue tena." Ndiyo, tairi hiyo haitaungua. Lakini sasa treila nzito inashuka mteremko na breki imepungua, na zile zilizobaki zinafanya kazi ya wote mpaka nazo zichemke. Mkate mtu pesa ya tairi, na yeye atatafuta njia ya tairi isimgharimu. Chini ya huo mteremko kuna mathree na watoto wa shule.

Na kuangalia si kazi ya siku nzima. Asubuhi ngoja geji ya hewa ipande. Halafu sogeza gari pole pole mita chache, tanboi akitembea kando. Kwa udongo wetu mwekundu unaona wazi: gurudumu linalozunguka linaacha alama za meno, lililofunga linachora mfereji. Baada ya nusu saa barabarani simama mahali salama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na joto kupita wenzake, huyo ndiye mgonjwa. Usimwagie dramu ya moto maji baridi, inaweza kupasuka. Na ikiwa tairi tayari inatoa moshi, toka hapo kando yake.

Dakika tano, kumi ukiwa mvivu. Lakini tanboi hawezi kumwambia dere asimame ikiwa dere analipwa kwa tripu na mdosi anapiga simu kila saa kuuliza mmefika wapi.

Binamu yangu bado yuko kazini. Jana alinitumia picha nyingine kutoka Mtito Andei, mkono wake karibu na gurudumu, usiku, taa ni ya simu yake. Tochi waliomba tangu mwaka jana. Zile 12,000 hazijarudi, na wiki hii ameandika barua ya kuziitisha. Mimi ndiye nimemchapia, na picha ya tairi ya pili tumeibandika chini yake.