Ombi Tunalolisahau



Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya sala ya jioni nyumbani. Kabla ya kushika kalamu nilijipa kazi moja, nayo ilinitahayarisha. Kwa muda wa siku saba niliandika katika daftari kila jambo nililomwomba Mungu mbele ya watu wa nyumba yangu, na siku ya saba nikahesabu. Mvua niliiomba mara tano. Mtoto mwenye homa nilimwombea mara nne, hata akapona. Na alipopona nilishukuru mara moja tu. Niliomba karo ya shule, na safari njema ya binti yangu, na fedha za kutengeneza paa la kanisa ambalo limeanza kuvuja upande wa wanawake. Nikatafuta mahali nilipoomba kumjua Mungu mwenyewe kuliko nilivyomjua jana, nisipaone.

Sisemi kwamba ni vibaya kuomba mvua. Bwana wetu alitufundisha kuomba chakula cha kila siku, wala hakutuambia tuone haya. Lakini fikirini habari ya mtu mwenye mwana ajaye mlangoni kila asubuhi, akanyosha mkono, akapokea, akaenda zake. Haketi. Haulizi baba ameamkaje. Siku baba asipokuwa na kitu, mwana haji. Je, baba huyu atasema ana mwana, au atasema ana mdai?

Huenda daftari ningelifunga nikasahau, kama si bibi mmoja wa darasa langu la ubatizo. Ni mzee, macho yake hayaoni vizuri, na mafundisho yote ameyashika kwa kusikia tu, mjukuu wake akimrudilia maswali na majibu jioni kando ya moto. Katika darasa lile hakuna kijana ampitaye. Basi siku moja wenzake walipokwisha toka, alibaki ameketi. Nikamwamkia tena, nikamwuliza kama yuko mgonjwa. Akaniambia, “Mwalimu, mwanangu, mimi si mgonjwa. Maneno haya nimeyashika. Ukiniamsha usiku nitakujibu. Lakini taa ikizimwa nami nikisema ‘Baba’, sijui nasema na nani. Niombe nini nipate kumjua?”

Ndugu zangu, nimefundisha miaka mingi. Nimejibu maswali ya vijana wenye kiburi na ya wazee wenye hila. Swali lile lilinifunga kinywa. Nikamwambia, “Endelea kusoma, Bibi.” Naye hajui kusoma hata herufi moja, nami nalijua hivyo. Aliitikia kwa adabu, akachukua fimbo yake, akaenda.

Usiku ule sikulala vema. Alfajiri nikafungua Waraka wa Mtume Paulo kwa Waefeso, kwa maana nalikumbuka kwamba mna sala humo. Nimeifundisha sura ile ya kwanza mara nyingi. Nimewahi hata kuwapa watoto waiandike ubaoni. Lakini asubuhi ile niliisoma kama mtu aliyepotewa na ufunguo.

Kwanza tazameni Paulo anawaombea nani. Hawaombei wapagani. Anasema amekwisha kusikia habari za imani yao na upendo wao, na kwa ajili hiyo haachi kushukuru. Ni watu waliokwisha kuamini, walio na jina jema hata kwa walio mbali. Sisi tukisikia habari za watu wa namna hiyo twasema, Mungu asifiwe, hao wamefika. Na sala zetu twazipeleka kwa walevi. Paulo anaanza kuwaombea pale tunapoachia sisi. Tena tazameni anaomba nini. Hawaombei mali, wala afya, wala amani na majirani. Anaomba Mungu awape roho ya hekima na ya ufunuo katika kumjua Yeye, macho ya mioyo yao yatiwe nuru, wapate kujua tumaini la wito wao, na utajiri wa urithi wake, na ukuu wa uweza wake kwao waaminio.

Naye aliyaandika hayo akiwa mfungwa. Mwisho wa waraka anawasihi wamwombee na yeye, nami nilidhani nitakuta hapo ombi la kufunguliwa minyororo. Halimo. Anaomba apewe ujasiri wa kunena Injili, naye akiwa papo hapo katika minyororo. Mtu wa namna hiyo alikuwa amemwona nani, hata mnyororo ukawa jambo dogo?

Yafaa tukumbuke Waefeso walikuwa watu gani. Mji wao ulikuwa mkubwa, wenye bandari, katika nchi iitwayo Uturuki siku hizi, na magofu yake yapo hata leo karibu na mji wa Selçuk. Palikuwa na hekalu la Artemi lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale, na wafua fedha walipata riziki kwa kutengeneza vijumba vya mungu huyo mke. Watu walikwenda huku na huku na maneno ya uganga, kama wengine wetu tulivyovaa hirizi kabla ya kubatizwa (na wengine, nasikia, hata baada yake). Kitabu cha Matendo chasema kwamba walioamini wengi walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma moto mbele ya watu wote, na bei yake ilipohesabiwa ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Ikiwa kipande kimoja ni ujira wa kibarua kwa siku, kama wataalamu wengi wadhanivyo, mtu mmoja angefanya kazi miaka zaidi ya 130, bila kupumzika hata Jumapili, ndipo azipate.

Ni watu waliotoa gharama kubwa namna hiyo ambao Paulo aliona bado wahitaji kuombewa wamjue Mungu! Kuchoma vitabu kulikuwa kutoka katika nyumba ya zamani. Kumjua mwenye nyumba mpya ni jambo jingine. Mganga hutafuta kujua maneno yenye nguvu, apate kuitumia nguvu hiyo atakavyo. Nami naogopa kwamba wako Wakristo, pamoja na mwandishi huyu, waliobadili maneno tu, wakaiacha nia ile ile: tusali hivi, tupate vile.

Katika lugha yetu neno “kujua” limebeba mizigo miwili, na kwa sababu hiyo twakosea kwa wepesi. Twasema, namjua Mfalme wa Uingereza; twasema pia, namjua mke wangu. Nitawaeleza kwa jambo nililoliona kwa macho. Jirani yetu mmoja alikwenda kufanya kazi mbali, katika mashamba ya mkonge, akamwacha mkewe na mimba. Mtoto akazaliwa, akakua. Alilijua jina la baba yake lote, na la shamba alikokuwa. Alijua siku ya kufika hawala ya posta. Alikuwa na kanzu aliyoletewa wakati wa Krismasi, akiionyesha kwa wenziwe akisema, “Hii ya baba.” Hakusema uongo hata neno moja. Basi siku moja gari likasimama barabarani, mtu akashuka na sanduku. Akachutama, akafungua mikono. Mtoto akapiga kelele, akakimbilia nyuma ya mama yake, akajifunika kwa kanga.

Yule baba hakumpiga wala hakukasirika. Alikaa barazani. Siku ya tatu mtoto alikuja karibu akagusa kiatu chake.

Nilipokumbuka habari hiyo nilijiona mimi, na kanzu yangu ya kufundishia, nikijificha.

Basi Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa yule bibi. Nikamwambia, “Bibi, nisamehe, nalikujibu upumbavu. Sijui jibu, ila nimeona ombi la Mtume, nalo si refu.” Nikamfundisha kwa maneno yake mwenyewe, si ya kitabu: Baba wa utukufu, nifumbue macho ya moyo nikujue Wewe. Tukapatana kwamba yeye ataomba hivyo kila jioni, nami hali kadhalika, mpaka Mungu atakapotujibu.

Nalidhani nitapewa furaha, au machozi ya utamu kama wanayoyasimulia watu wengine. Siku za kwanza sikupata kitu. Kisha, kila nilipopiga magoti nikatamka maneno yale, mkorosho ukanijia mbele ya macho.

Itanipasa kueleza. Mimi na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, tuligombea mpaka wa shamba miaka iliyopita, penye mikorosho mitatu. Wazee walikaa. Mimi ni mwalimu, najua kupanga maneno na nina karatasi. Yeye ni mtu wa hasira na maneno machache. Nilipewa yote mitatu. Lakini mmoja ulipandwa na baba yake, nami naliujua ukweli huo tangu siku ile. Nilijiambia kwamba wazee wameamua, na uamuzi wa wazee ni sheria. Nikavuna korosho miaka yote hiyo, na zaka nikatoa.

Nilijaribu kuuondoa mti ule katika sala yangu. Nikamwambia Mungu, hilo silo nililoliomba. Haukuondoka. Hapo ndipo nilipokumbuka Waraka wa Kwanza wa Yohana, unaosema kwamba amchukiaye ndugu yake yumo gizani, wala hajui aendako. Nami nilikuwa nimemwomba Mungu nuru!

Nilimweleza mke wangu kwanza. Hakusema kitu kwa kitambo, kisha akaniambia kwamba tangu mwaka ule, kila nilipoomba jioni habari za upendo, Amina yake ilikuwa ya mdomo tu. Nimeishi na mwanamke huyu nyumba moja, nisilisikie hilo. Kesho yake nikaenda kwa shemeji. Msidhani alinikumbatia. Alinisikiliza amesimama, akasema, “Nimesikia.” Hata leo hatujala chakula pamoja. Lakini mti ni wake, na msimu huu anavuna yeye.

Najua kwamba wengine watauliza, je, huku ndiko kumjua Mungu? Nami najibu, sijui njia awaongozayo watu wengine. Mimi mlango niliofunguliwa ulikuwa ule. Tena si mimi wa kwanza. Katika Septemba ya mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe kule Kampala, walikutana watu wawili. Mmoja ni daktari Mwingereza, Joe Church, wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, aliyechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa ya nchi ile. Wa pili ni Mganda, Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, wenye kazi na heshima; kisha kila mmoja alijiona mkavu. Wakaketi siku mbili na Biblia, wakisoma na kuomba habari za Roho Mtakatifu. Nsibambi baadaye aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Na katika miaka iliyofuata, uamsho uliotokea Gahini ulipoenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, alama yake moja iliyojulikana hata na wasioamini ilikuwa hii, kwamba watu walirudisha vitu walivyoiba na madeni waliyoyaficha. Waliomba kumwona Mungu. Wakaonyeshwa ng’ombe wa jirani zizini mwao.

Walimu wenzangu, neno moja kwenu. Twaweza kufundisha miaka mingi kwa maarifa ya jana. Watoto hawatambui, na wakaguzi hawaulizi. Lakini atakuja bibi mmoja akae nyuma darasa litokapo. Msimjibu kama nilivyomjibu mimi.

Na katika nyumba zenu, msiongeze sala ndefu. Watoto husinzia, na chakula hupoa. Ombi hili lisemwe mara moja tu, kabla ya maombi ya mvua na homa, kisha nyamazeni kidogo. Mkionyeshwa jambo la kutenda, litendeni kabla ya kuomba tena. Na mtu akisema ameonyeshwa dhambi za jirani yake, mwambieni kwa upole angoje, huenda hazijafika zake.

Juma lililopita tulisoma darasani habari ya kipofu wa Bethsaida, ambaye Bwana alimwekea mikono mara mbili. Mara ya kwanza aliona watu kama miti, inakwenda. Tulipokwisha, nikamwuliza bibi yule faraghani, “Sasa taa ikizimwa, Bibi?” Akafikiri. Akasema, “Bado ni miti, Mwalimu. Lakini zamani sikuona hata mti.” Naye atabatizwa siku ya Pasaka, Mungu akipenda, na amekwisha chagua jina.

Mwezi ujao, tukijaliwa uzima, nitaandika juu ya sala ya pili ya Mtume katika waraka ule ule, ile ya sura ya tatu, anapopiga magoti mbele ya Baba. Nyumba zitakazopenda zianze kuisoma mapema, mistari kidogo kidogo. Na wenye maswali wanipe baada ya ibada ya Jumapili, au wayatume kwa mkono wa mwalimu wao.