Tanzania: Nani humfunza mtoa dawa baada ya darasa?

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mama mwenye mtoto anayeungua homa huanzia dukani kabla ya kufika zahanati. Duka lenyewe lina rafu chache, kaunta moja na mtu mmoja nyuma yake, aghalabu kijana aliyepata mafunzo ya muda mfupi. Katika dakika chache zinazofuata, kijana huyo ataamua iwapo mtoto apewe dawa mseto ya malaria, atumwe akapimwe kwanza, au akimbizwe hospitali. Hakuna daktari wala mfamasia aliyesimama karibu naye kumrekebisha anapokosea.

Ndiyo maana namna watoa dawa wapya wanavyojifunza wakiwa kazini ni suala la uhai na kifo, ingawa hutajwa mara chache katika mijadala ya afya ya ukanda huu. Nalo linaihusu Uganda moja kwa moja, kwa kuwa mfano wa maduka hayo ulivuka mpaka ukaja kujaribiwa huku.

Kutoka dawa baridi hadi dawa muhimu

Kabla ya mwaka 2003, wakazi wengi wa vijijini Tanzania walitegemea maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu. Hali halisi ilikuwa nyingine. Tathmini iliyofanyika mwaka 2001 ilibaini kuwa maduka hayo yaliuza pia dawa zilizokatazwa, na kwamba wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha.

Serikali ingeweza kuyafunga, lakini vijiji vingi vingebaki bila mahali pa karibu pa kupata dawa. Badala yake, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo, TFDA, kwa kushirikiana na shirika la Management Sciences for Health na kwa ufadhili wa wakfu wa Bill na Melinda Gates, ilianzisha mkoani Ruvuma aina mpya ya duka: Duka la Dawa Muhimu. Mmiliki alipewa mafunzo ya kuendesha biashara, jengo likatakiwa kufikia viwango vilivyowekwa, na mtoa dawa, ambaye mara nyingi alikuwa muuguzi msaidizi, akafunzwa kwa takribani wiki tano. Kwa kutimiza masharti hayo, duka liliruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa zinazohitaji cheti cha daktari, zikiwemo baadhi ya antibayotiki kama amoksilini.

Mpango huo ulienea hatua kwa hatua katika mikoa ya Tanzania Bara, na leo maduka hayo yanahesabika kwa maelfu. Taaluma yenyewe inasimamiwa na Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. TFDA nayo iligeuzwa mwaka 2019 kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Somo la darasani na somo la kaunta

Darasa lina mambo linaloweza kuyafundisha vizuri. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania Bara iliianza kama tiba ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2006, ni mfano mzuri. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa mikupuo sita ndani ya siku tatu. Mkupuo wa pili hufuata saa nane baada ya ule wa kwanza, na dawa humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake. Mwanafunzi makini huyashika hayo yote katika asubuhi moja.

Ugumu huanza mteja anapoweka fedha mezani. Yupo anayetaka nusu ya dozi kwa sababu ndiyo aliyo na uwezo nayo. Yupo anayeomba vidonge vya rangi mbili kwa ajili ya mafua, kwa kuwa jirani yake alivitumia akapona. Yupo baba ambaye mtoto wake anaharisha, na anayeona kuwa pakiti ya chumvichumvi na vidonge vya zinki vya siku kumi hadi kumi na nne si dawa ya maana. Mtoa dawa anajua jibu sahihi. Asichokuwa na uzoefu nacho ni namna ya kulisema kwa heshima, mteja akubali, asiondoke kwa hasira kwenda duka la pili.

Stadi hiyo hupatikana kwa kumtazama mtu aliyeizoea kazi. Katika famasi kubwa za mijini, mgeni wa kazi huweza kusimama pembeni ya mfamasia au mteknolojia wa dawa aliyesomea stashahada kwa miaka mitatu. Huko huona jinsi cheti cha daktari kinavyosomwa mara mbili, jinsi majina ya dawa yanayofanana yanavyotenganishwa, na jinsi dawa inayokaribia kuisha muda inavyotangulizwa mbele ya rafu. Husikia pia mama mjamzito akiulizwa miezi ya mimba kabla ya kuuziwa chochote.

Katika duka la kijijini hali ni tofauti. Mkubwa wa kazi ni mmiliki, na mara nyingi mmiliki ni mfanyabiashara. Somo la kwanza analompa mwajiriwa wake ni kwamba mteja asiondoke mikono mitupu. Kwa hesabu za biashara somo hilo lina mantiki, kwani duka hulipa pango na mshahara kutokana na mauzo. Lakini huweza kufuta kwa muda mfupi yale yaliyofundishwa kwa wiki kadhaa. Tafiti zilizofanyika Tanzania kwa kutumia wateja wa kuigiza zimeonyesha mara kwa mara kuwa antibiotiki huuzwa bila cheti cha daktari, hata pale ambapo mgonjwa anayeelezwa hazihitaji.

Ukaguzi hautoshi

Wapo wanaoona kuwa dawa ya tatizo hili ni kuongeza ukaguzi. Hoja yao ina uzito. Mkaguzi anaweza kubaini leseni iliyoisha, dawa iliyopitwa na muda, au cheti cha mafunzo kinachoning'inia ukutani huku mtu mwingine asiye na sifa akihudumia wateja. Hata hivyo, mtoa dawa hawezi kumwuliza mkaguzi swali linalomtatiza, kwa sababu kukiri kutojua mbele ya mwenye mamlaka ya kufunga duka ni kujitia hatarini. Ukaguzi hugundua makosa yaliyokwisha kutendeka, wakati mtoa dawa mpya anahitaji mtu wa kumzuia kabla hajakosea.

Mpango wa awali ulizingatia jambo hilo kwa kuwatumia wasimamizi waliofunzwa kutoka ngazi ya kata, watu waliokaa karibu na maduka. Kadiri maduka yalivyoongezeka, ndivyo usimamizi wa karibu ulivyohitaji fedha na watu zaidi. Kubadilika kwa wafanyakazi nako kunaongeza mzigo: mtoa dawa aliyeiva akihama kwenda mjini, anaondoka na uzoefu wote, na anayechukua nafasi yake huanza upya akiwa peke yake.

Zipo njia zisizohitaji bajeti kubwa. Mtoa dawa mpya angeweza kutakiwa kufanya kazi kwa wiki kadhaa chini ya mwenzake mzoefu kabla ya kukabidhiwa kaunta. Mfamasia wa wilaya angeweza kupokea simu za maswali, na kulipitia daftari la mauzo kila mwezi kwa nia ya kuelekeza. Mmiliki naye angewajibishwa kwa anachomshinikiza mwajiriwa wake kuuza.

Masharti hayo, hata hivyo, yana gharama. Duka dogo likilazimishwa kulipa watu wawili kwa kazi ya mmoja, huenda likafungwa au likaanza kuuza kwa kificho, na kijiji kikarudi kilikokuwa kabla ya mwaka 2003. Kila pendekezo la kukaza masharti linapaswa kupimwa kwa swali hilo.

Funzo kwa Uganda

Uganda iliazima mfano huu na kuujaribu katika wilaya ya Kibaale, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA. Huko Mukono, watafiti walionyesha kuwa wauzaji wa maduka ya dawa waliofunzwa kutumia kipimo cha haraka cha malaria walitoa tiba sahihi mara nyingi zaidi kuliko wale waliokisia kwa kutazama dalili. Yote mawili yanathibitisha kuwa mtu wa kaunta anaweza kuaminiwa akifunzwa na akipewa zana. Linalobaki ni nani atakayemtembelea baada ya watafiti na wafadhili kuondoka.

Mpakani Mutukula, wateja na magonjwa huvuka kila siku. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet yanaonyesha kuwa usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takribani milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Antibiotiki inayotolewa ovyo upande mmoja huwadhuru wagonjwa wa pande zote mbili.

Kwa mama mwenye mtoto mwenye homa, hesabu hizo ziko mbali. Kinachomgusa ni kama kijana aliye kaunta atamwuliza iwapo mtoto ameshindwa kunyonya, kama ametapika kila alichopewa, au kama amepata degedege, na iwapo likiwemo lolote kati ya hayo atamwambia aende hospitali mara moja, hata kama duka halitauza kitu asubuhi hiyo.