Jamani, nani aliwaambia muizime ile seva?



Leo nina dukuduku, na wale mliozoea kunisoma kwa habari za pamba na wachimbaji wadogo naomba mnivumilie. Nataka kusema kuhusu seva. Ndiyo, lile likompyuta lisilo na skrini linalovuma usiku na mchana huko stoo, ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka siku limezimwa. Nasema hivi: ofisi nyingi hapa Shinyanga na Geita hazijui kustaafisha seva, na lawama wanabebeshwa vijana wa kompyuta wakati wenye kosa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka.

Kisa changu ni cha mwaka 2019. Nilikuwa najitolea kwenye chumba kimoja cha habari (sitakitaja, wanaojua wanajua). Seva yao ilikuwa ya Windows Server 2003. Microsoft walikwishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Julai 2015, kwa hiyo kuistaafisha lilikuwa jambo sahihi kabisa, tena lilichelewa miaka minne. Ilikaa stoo, kati ya maboksi ya karatasi na pikipiki mbovu, na vumbi letu mnalijua. Ikanunuliwa mpya. Akaletwa fundi wa siku mbili kutoka mjini, akahamisha mafaili aliyoonyeshwa, akahamisha na majina ya wafanyakazi, Ijumaa jioni akaambiwa azime ile ya zamani. Akazima. Wakapiga picha na boksi jipya.

Jumatatu ikawa sinema. Mhasibu anawasha kompyuta, anaandika neno la siri, anakwenda kunywa chai na chapati, anarudi bado kinaonyesha kinazunguka. Printa ya mapokezi haionekani. Dada mmoja aliyekuja mafunzo kwa vitendo siku hiyo hiyo anakataliwa kabisa kuingia, eti mtandao wa ofisi haupatikani, lakini kaka aliyekaa pembeni yake anaingia! Jumanne mashine nyingine mbili zikakata. Alhamisi nyingine. Ijumaa watu wakaanza kusema kuna virusi, na mzee mmoja, sitanii, akasema kuna mtu hakupenda seva mpya ije. Unajua tena sisi Wasukuma, kitu kikifa kimoja kimoja lazima kiwe na mwenyewe.

Hakukuwa na virusi wala mkono wa mtu. Ile seva ya zamani ilikuwa na kazi zaidi ya kutunza mafaili. Kwanza ndiyo ilikuwa DNS ya ofisi, yaani daftari la majina. Kompyuta ikitaka kumpata anayekagua maneno ya siri inauliza daftari, daftari linataja anwani. Seva mpya ilikuwa tayari kukagua maneno ya siri, imekaa hapo imejiandaa, lakini kompyuta zote ziliendelea kuuliza njia kwa marehemu. Zinauliza, kimya, zinauliza tena, kimya, ndiyo ile robo saa ya mhasibu. Mwisho Windows inakata tamaa na kumruhusu kwa kumbukumbu ya mara ya mwisho alipoingia kwenye mashine ile. Dada wa mafunzo hakuwa na mara ya mwisho. Yeye ndiyo kwanza anafika, kwa hiyo akabaki nje.

Pili, ilikuwa ndiyo inayogawa anwani kwa kila kompyuta, kazi iitwayo DHCP. Anwani hizo hutolewa kwa mkopo, na kama hukugusa kitu mkopo wa Windows ni siku nane. Sasa fikiria: aliyepewa anwani wiki iliyotangulia siku zake zinaisha Jumanne, wa pili Alhamisi, wa tatu Ijumaa. Kila mmoja anakatika kwa siku yake! Ukiona kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254 ujue imejipa yenyewe baada ya kumkosa mgawaji. Haihitaji mganga. Unafungua lile dirisha jeusi, unaandika ipconfig /all, unasoma mstari wa DNS na mstari wa DHCP. Kama anwani iliyoandikwa pale ni ya mashine iliyokwishabebwa, umepata jibu, na umetumia dakika moja.

Kompyuta ya mapokezi nayo ilikuwa na lake. Betri yake ndogo ya ndani ilikufa zamani, umeme ukikatika inarudi miaka ya nyuma. Hakuna aliyejua, kwa sababu seva ya zamani ilikuwa inairekebishia saa kila asubuhi bila kuomba shukrani. Na mtandao wa namna hii saa zikipishana zaidi ya dakika tano unakukatalia kuingia. Basi dada wa mapokezi akaishi wiki nzima mwaka 2002.

Sasa hayo yote yalitengenezwa, kwa wiki moja na nusu, na kijana wa kompyuta akaitwa ofisini akafokewa mbele za watu. Hapo ndipo hasira yangu inaanzia. Yule kijana hakuwepo seva ile inafungwa. Aliyeifunga alikwishaondoka siku nyingi kwenda mgodini Geita, kama wanavyoondoka wote wenye akili, maana mgodi unalipa na ofisi zetu zinalipa ahadi. Aliondoka na neno kuu la siri kichwani. Hakuachiwa mtu. Hakuna karatasi. Mabosi walikuwa na bajeti ya boksi jipya, hawakuwa na bajeti ya siku moja ya kuuliza lile la zamani linafanya nini.

Na hapa naomba tuutazame mgodi kidogo. Buzwagi pale Kahama walianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, wakamaliza 2021. Ulalamikie mgodi utakavyo, na mimi nimelalamika sana humu, lakini sheria zetu za madini hazimruhusu mwenye mgodi kuamka siku moja, kuzima taa na kuondoka. Anatakiwa awe na mpango wa kufunga: mashimo yatakuwaje, maji yatakwenda wapi, sumu itakaa wapi, na dhamana ya fedha juu yake. Wachimbaji wadogo nao wana akili hiyo hiyo. Nenda Katoro ukamwambie mwenye karasha akutupie marudio yake bure. Atakucheka! Ule mchanga uliokwishasagwa na kuoshwa bado una dhahabu ndani, unauzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi. Hakuna mtu Geita anayetupa mchanga bila kuuliza una nini. Ofisi yenye mabosi wenye digrii ikatupa seva.

Maana waliitupa. Nilikuwa sijafika kwenye lenyewe.

Ile mashine ilikuwa na diski mbili. Fundi alionyeshwa folda moja, ile ambayo kila mtu alikuwa anaifungua. Kwenye diski ya pili, ambayo haikuonekana kwenye kompyuta za mezani, waandishi waliotutangulia walikuwa wanahifadhi sauti. Miaka ya 2008 hadi 2013. Wadau mnaokumbuka, hiyo ndiyo miaka mibaya kuliko yote katika mkoa huu, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino na ya bibi zetu wenye macho mekundu. Machi 2009 Serikali iliendesha kura ya siri, wananchi waandike majina ya wanaowashuku, kwa sababu kusema kwa mdomo ilikuwa ni kujitafutia kifo. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilikaa pale Kahama ikawahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua kijana mwenye ualbino kutoka Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Wenzetu walikuwa vijijini kipindi hicho na vinasa sauti. Walihojiana na mama waliokuwa wanalaza watoto wao chini ya kitanda. Na watu wengine walisema mambo kwa masharti kwamba jina lisitoke.

Nilipoanza kutafuta sauti zile kwa ajili ya kipindi cha miaka kumi, ndipo nikaambiwa mashine iliuzwa. Kwa nani? Kwa mtu wa vyuma chakavu na kompyuta mbovu. Diski je? "Ilifomatiwa."

Hapo sikulala. Kama ilifutwa kweli, sauti za miaka mitano za mkoa mzima zimekwenda, na hakuna pengine zilipo. Kama ilifomatiwa ile ya haraka haraka, ya kubonyeza mara moja, basi mafaili yamo humo humo, yamefutiwa orodha tu, na kijana yeyote mwenye programu ya bure ya kurejesha mafaili anaweza kukaa akasikiliza majina ya waliosema. Sijui niombe lipi! Mpaka leo sijui niombe lipi.

Najua kuna mdau atasema "hatuna hela, hii ni redio ya mkoani siyo benki". Kaka, daftari la kaunta linauzwa dukani kila mtaa. Andika humo: mashine hii inafanya kazi gani, nani anaitegemea, neno la siri limefungiwa kwenye bahasha ya nani. Siku ya kuistaafisha, chomoa waya wa mtandao tu, mashine iache ikiwaka, kisha subiri mpaka mwisho wa mwezi upite na mishahara itoke, usikie nani atapiga kelele. Akipiga kelele unachomeka tena, basi. Diski zitoe, ziweke kabatini mwaka mzima, na ukiamua kuzifuta zifute kweli au zitobolewe kwa keekee. Hivi vyote gharama yake ni subira. Na tangu Mei 2023 si suala la hiari tena, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi, na diski yenye majina ya watu si chuma chakavu.

Wasiotaka kusikia haya huwa wananiambia niache kazi za watu wa kompyuta niandike habari. Ndiyo habari yenyewe hii! Chanzo changu akinipigia kutoka Mbogwe akaniuliza sauti yangu iko salama, nitamjibu kwa niaba ya nani, fundi wa siku mbili?

Wiki iliyopita nilipita pale kusalimia. Ile seva "mpya" iko stoo ile ile, pikipiki bado ipo, na sasa seva inavuma vibaya kuliko mwenzake. Windows yake nayo muda wake wa huduma ulikwisha Oktoba 2023, na nimesikia wanatafuta bei ya nyingine. Nikauliza neno kuu la siri analo nani. Nikaambiwa yule kijana aliyefokewa.

Yuko wapi?

Ameshakwenda Geita.

Nawasilisha.