Msiba wa mbali, pikipiki na baridi ya Julai

Bismillahir Rahmanir Rahiim. 

Ndugu zangu, tangu baridi hii ianze nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti. Wa kwanza amefiwa Makete, wa pili Njombe, wa tatu Songea. Wote wanasema hivi: "Shekhe, nina pikipiki. Nikitoka alfajiri nawahi mazishi, jioni narudi. Nielekeze namna ya kuswali njiani." Ya swala nitaeleza. Lakini kwanza nisikilizeni kwa jambo ambalo mimi nililijua kwa kumuumiza mtoto wa watu.

Miaka michache nyuma, mwezi wa saba, alifariki mzee mmoja Njombe. Alinifundisha juzuu mbili nikiwa mdogo. Habari zilifika Iringa baada ya Isha, mazishi kesho yake baada ya Adhuhuri. Kijana wetu mmoja wa hapa msikitini, dereva wa bodaboda, akasema, "Shekhe, nitakupeleka." Pikipiki si yake, ni ya tajiri. Kila siku anapeleka hesabu, kwa hiyo ilikuwa lazima turudi siku hiyo hiyo. Kama kilomita 230 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Nikamwambia, "Mwanangu, tawakali, hii ni safari ya kheri." Sikumuuliza ana koti gani.

Tulitoka baada ya Alfajiri, bado gizagiza. Anayeijua njia ile anajua. Iringa yenyewe ni baridi, lakini ukipanda kwenda Mafinga, ukaingia kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, ukungu unashuka mpaka barabarani na huoni lori mpaka taa zake ziko usoni. Ile ndiyo barabara ya malori ya Tunduma, hayakuonei huruma. Ukifika Makambako unakata kushoto kwenda Njombe, na huko uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai kuna asubuhi ambazo sakitu imelala kwenye majani, nyeupe kama chumvi.

Sasa zingatia hili. Mimi nilikaa nyuma. Mgongo wa yule kijana ulikuwa ukuta wangu. Nilikuwa na koti zito, shali, na mikono nimeiingiza mifukoni, nanyuradi taratibu, na nikaona nina imani kubwa sana. Yeye ndiye aliyekuwa anakata upepo. Kwenye joto la nyuzi 5, pikipiki ikienda kilomita 80 kwa saa, ngozi inapoteza joto kana kwamba hewa iko chini ya sifuri. Na mikono yake ilikuwa kwenye usukani, na glovu zile za pamba za kubebea matofali.

Kwenda tulifika salama, alhamdulillah, tukazika. Tulipewa wali, tukaombwa tulale. Nikasema hapana, kijana ana hesabu. Kumbe hesabu yenyewe ilikuwa ni fedha ambayo mimi ningeweza kuitoa mfukoni. Nalitaja hili kwa sababu linaniuma kuliko yote.

Tulitoka Njombe saa tisa. Jua likaanza kushuka tukiwa bado mbali na Mafinga. Kijana akageuza kichwa, akasema, "Shekhe, mikono haishiki." Unajua nilimjibu nini? "Soma Ayatul Kursiyyu, tunakaribia." Akasoma. Kwa muda nilimsikia akisoma, halafu nikamsikia anarudia maneno, anayachanganya, ulimi mzito. Nikadhani amechoka tu. Alikuwa amekuwa akitetemeka tangu Makambako, na sasa ameacha kutetemeka, nami nikaona afadhali, amezoea. Baadaye daktari alinieleza kwamba aliyeshikwa na baridi akiacha kutetemeka wakati bado yuko baridini, huyo hajazoea, mwili wake unashindwa.

Mbele kidogo ya Mafinga lori lilisimama ghafla. Akataka kushika breki, vidole havikufunga. Tulitoka nje ya lami, tukaanguka kwenye majani. Mimi nilichubuka goti. Yeye mguu ulivunjika mahali pawili. Alikaa miezi mitano bila kazi, na mke wake alikuwa na mtoto mchanga.

Watu walipokuja kumpa pole walisema, "Ni qadari ya Allah." Ni kweli, kila kitu ni qadari. Lakini mimi imamu, niliyekaa nyuma yake na koti zito, sina haki ya kujificha nyuma ya neno hilo. Hadithi ya ngamia na kamba mmeisikia mpaka imekuwa kama salamu, tunaitikia bila kufikiri. Kamba ya siku ile ilikuwa kusimama Makambako, kuwasha moto, kunywa chai, kulala. Sikuifunga. Nikampa mtu aya badala ya kumpa mapumziko.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wenu, hata na baadhi ya masheikh wenzangu. Tumeufanya msiba kuwa mahakama. Asiyefika anaitwa hana utu, kasahau kwao, mjini kumemharibu. Simu zinapigwa usiku: "Tunakusubiri wewe tu." Basi kijana anapanda pikipiki saa tisa za usiku kwa kuogopa maneno ya shangazi. Hiyo si Sunna, ndugu yangu. Sunna ni kuharakisha kumzika maiti, si kumweka akimsubiri mtu aliye Dodoma. Kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakifanya waliopo, wengine wote hawana dhambi.

Na dini haikukufungia mlango. Mfalme Najashi alipofariki Habasha, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa Madina, akawapanga masahaba safu akamswalia akiwa mbali. Kwa sisi wafuasi wa Imam Shafi'i hii ni swala sahihi kwa maiti aliye mji mwingine. Wapo wanazuoni wa madhehebu nyingine wasioikubali, tunawaheshimu. Na tena kuna kaburi. Yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume alizikwa usiku bila yeye kuambiwa, naye akaenda baadaye akamswalia kaburini. Kwa hiyo anaweza kuzikwa Jumatatu, ukaenda Ijumaa na basi, umekaa kitini, ukamswalia kaburini, ukaka na wafiwa ambao wakati huo watu wameshawakimbia. Mimi naona kufika huko kuna faida kwao kuliko ule wa kutupa udongo na kugeuza pikipiki.

Utaniambia, "Shekhe, kama ni mama yangu?" Nakuelewa. Sitakwambia usiende. Nitakwambia panda basi, na kama huna nauli njoo tuseme msikitini, tutachanga kabla ya kuchangia sufuria za pilau.

Kama hakuna basi na lazima iwe pikipiki, basi usitoke usiku wala alfajiri, maana baridi kali zaidi huwa karibu na kuchomoza jua. Subiri jua lipande. Vaa gazeti au boksi kifuani chini ya koti, linazuia upepo kuliko sweta mbili. Funga mifuko ya plastiki juu ya glovu. Kila nusu saa simama, tembea, kunywa kitu cha moto. Usipashe vidole kwenye bomba la moshi, vikiwa vimekufa ganzi vitaungua bila kujua. Na wewe uliyekaa nyuma, mwongeleshe dereva. Akijibu kizito, mteremshe hapo hapo, hata kama ni porini.

Sasa swala. Safari hiyo inafikia masafa ya kufupisha. Adhuhuri na Alasiri unaswali rakaa mbili mbili, na unaweza kuzikusanya ukiwa safarini. Magharibi inabaki tatu, unaweza kuichelewesha uiswali pamoja na Isha ukiwa bado safarini. Alfajiri haikusanywi na yoyote. Faradhi huiswali juu ya pikipiki, teremka. Na wale wanaosikia kwamba Mtume aliswali sunna juu ya mnyama wake: ngamia ana macho yake, pikipiki haina. Dereva asinijie na hoja hiyo.

Miguu ni rahisi. Ukivaa buti baada ya wudhu kamili, likafunika vifundo, likawa safi, halipitishi maji na unaweza kutembea nalo, msafiri anapaka maji juu yake siku tatu na nyakati zake za usiku, kuanzia wudhu unapotenguka. Ukilivua, osha miguu.

Na akiamka mtu na janaba, maji ni barafu, hana pa kuyapasha, anaogopa madhara? Amr bin Al-Aas, radhi za Allah ziwe juu yake, lilimpata hilo katika vita vya Dhatus-Salasil. Akatayamamu akawaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume, hoja yake ilikuwa ile aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inayotukataza kuziua nafsi zetu. Mtume akacheka, hakumlaumu. Wanazuoni wetu wa Kishafi'i wanasema mwenye kutayamamu kwa baridi atairudia swala ile baadaye. Lakini hakuna aliyesema ajimwagie maji afe.

Yule kijana amepona, anachechemea kidogo asubuhi. Pikipiki aliacha, ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na msikiti. Juzi nilimsomea makala hii kabla ya kuituma, nikamwomba ruhusa. Akacheka, akasema, "Shekhe, umesahau kuwaambia kwamba glovu zile ulinipa wewe."

Wabillahi tawfiq.