Mlima Ulioungua na Mvua ya Kwanza

Moto mkubwa ukiisha kuzimwa mlimani, watu wakaao bondeni hushusha pumzi, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Ndivyo walivyotaka kufanya wenyeji wa Montecito, mji mdogo wa California nchini Marekani, uliopo kati ya milima na bahari. Tarehe 4 Desemba 2017 ulizuka moto ulioitwa Thomas, ukateketeza eka 281,893 za vichaka na misitu. Mwezi wa Januari 2018, kabla haujatangazwa kuwa umedhibitiwa kabisa, mvua ikanyesha. Usiku wa kuamkia tarehe 9, yapata saa kumi kasorobo, mvua ya kiasi cha nusu inchi ilianguka kwa muda wa dakika 5 tu. Makorongo yakashusha tope zito mfano wa saruji mbichi, limebeba magogo na mawe makubwa kama motokaa. Nyumba zaidi ya mia moja ziliangamia, na barabara kuu ipitayo pwani ilifungwa hata tarehe 21. Moto wenyewe ulikuwa umeua watu wawili. Tope liliua watu 23.

Nusu inchi ya mvua si kitu cha ajabu kwa mkulima. Ajabu ilikuwa katika udongo. Majani na vichaka vina mafuta na nta ndani yake. Vikiungua, mafuta hayo hugeuka mvuke, na sehemu ya mvuke huzama ardhini. Ikifika chini kidogo penye baridi huganda, ikazipaka chembe za udongo. Hapo maji hayanywewi tena, bali huteleza kama yatelezavyo juu ya turubai. Tena majani yaliyokuwa yakipunguza nguvu ya matone hayapo, wala takataka za msituni zilizokuwa zikiyachelewesha maji. Kilichobaki ni majivu na udongo uliolegea, tayari kuchukuliwa.

Wenye mamlaka walijua hayo na walitoa onyo. Watu wa sehemu ya juu, kaskazini ya barabara moja, waliamriwa waondoke. Wale wa chini waliachiwa hiari. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuhama mwezi wa Desemba kwa ajili ya moto, wamechoka kulala ugenini, na wengine hawakuondoka. Tope halikujua mpaka huo. Lilivuka barabara likashuka mpaka karibu na bahari, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu ambao hawakuamriwa kuondoka.

Katika njia za kujikinga, ya kwanza ni kutandaza mabua makavu ya ngano juu ya miteremko iliyoungua vibaya, na Marekani hufanya hivyo hata kwa helikopta. Mkulima wa kahawa azoeaye kuweka matandazo hahitaji kuelezwa faida yake. Kupanda mbegu za nyasi peke yake hupendeza macho, lakini mara nyingi mvua huzikokota kabla hazijaota. Magogo yaliyolazwa kukingama mteremko husaidia mvua ikiwa ndogo. Ikiwa kubwa hayafui dafu. Na magunia ya mchanga mlangoni huzuia maji, hayazuii jiwe.

Montecito baadaye walichimba bwawa jipya la kunasia tope na mawe kando ya kijito cha San Ysidro, mahali palepale palipokuwa na nyumba zilizobomoka. Lilikamilika mwaka wa 2022. Mvua kubwa ilipokuja tena tarehe 9 Januari 2023, mji wote uliamriwa kuhama, bila kugawa juu na chini. Hakuna aliyekufa mjini humo, ingawa ni haki kusema kwamba mimea ilikuwa imekwisha kurudi mlimani.

Kurudi huko kwataka muda. Hatari huwa kubwa miaka miwili ya kwanza, na yaweza kudumu zaidi. Mji wa Ruidoso, katika jimbo la New Mexico, ulipatwa na moto mwezi wa Juni 2024; mafuriko yaliyoua watu watatu yalikuja tarehe 8 Julai 2025, zaidi ya mwaka mzima baadaye.

Habari hizi si ngeni sana kwa mtu wa Nyeri au Meru. Mlima Kenya uliungua sehemu zake mwezi wa Machi 2012, na milima ya Aberdare mwezi wa Februari 2022. Yaani moto huja kiangazi kinapokaribia kwisha, na masika yako mlangoni. Mwenye shamba chini ya mteremko ulioungua aweza kupima mwenyewe: akwangue majivu, amwage matone ya maji juu ya udongo, kisha atazame. Matone yakikaa kama shanga bila kunywewa, udongo umekataa maji. Hapo yafaa mifereji ipitayo chini ya barabara izibuliwe kabla ya wingu la kwanza, ng'ombe wasifungwe kando ya mto, na watoto walale kwa jamaa waliopo mlimani upande mwingine usiku ule ngurumo zisikiwapo juu, hata kama nyumbani kwenyewe halijaanguka tone.